Kwa Josphat Lusweti, Aliyeniita Staring

Mwaka mmoja umetimia, Baba Ashley, tangu Mungu akuite ukiwa Jeddah. Hapa Malava mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, na sisi watu wako tunaandika haya ili waliokujua wakukumbuke pamoja nasi, na wale ambao hawakukujua wakujue kidogo.

Ulikuwa mtu mpole. Hukuweza kumpita mtu njiani bila salamu, hata yule mliyekosana naye jana yake. Chai yako ilikuwa lazima iwe moto wa kuunguza, ukiletewa ya vuguvugu unasema hiyo ni dawa ya kikohozi. Jumamosi ulisafisha viatu vya watoto wewe mwenyewe, ukavipanga ukutani, kisha unatangaza kwamba atakayevigusa kabla ya kanisa atakuona.

Wengi sokoni wanakukumbuka kwa kazi yako ya ujana, kuonyesha video kibandani. Wewe ndiye uliyeandika ubao wa nje kwa chaki. Juu jina la sinema, chini yake neno STARING, halafu jina la mzungu fulani. Mimi nilikuwa napita hapo nikitoka mazoezi ya kwaya. Sinema niliona ni mambo ya dunia, kwa hivyo ndani sikuingia, lakini ubao nilikuwa nausoma. Siku moja nikakuuliza, "Ndugu, huyu Staring ni nani? Kila wiki yuko kwa ubao. Yeye hachoki?"

Ulicheka mpaka chaki ikakuanguka. Ukanieleza polepole kwamba staring si jina la mtu. Ni yule mkubwa wa sinema, anayepigwa na kuinuka tena, ambaye watu wote wamekuja kumwona. Nilishikwa na haya, nikataka kwenda zangu. Ukasema, "Usikimbie, Staring. Ngoja nikusindikize." Kuanzia hapo hukuniita Jerusha tena, isipokuwa siku ya harusi, mbele ya pasta.

Njiani ulinisimulia sinema ya wiki ile, ile ya zamani ya watu wanaojenga reli kupitia nchi kame. Mimi hadi leo sijaiona, lakini watu wake nawajua kama majirani. Namjua fundi mkuu mwenye kofia pana, anayepima ardhi kwa kamba. Namjua mpishi wa kambi, aliyeficha pombe ndani ya gunia la unga. Namjua yule mbaya wa jino la dhahabu, aliyekuwa aking'oa reli wenzake wakienda kula. Namjua mama mfuaji, aliyeifuata kambi na beseni lake tangu mwanzo hadi mwisho. Na namjua yule uliyempenda wewe, mbeba mataruma, yale magogo ambayo reli hulazwa juu yake. Sinema nzima hasemi hata neno moja. Nilikuuliza unampendea nini.

"Mtoe yeye," ukasema, "uone kama hiyo treni itapita."

Ulienda Jeddah mwaka wa 2012, ukawa dereva wa familia moja huko Al-Safa. Mimi nikafuata 2014, lakini nikapata kazi ya nyumba Riyadh. Watoto wakabaki na mama yako. Watu wa nyumbani walidhani kwa kuwa tuko nchi moja tunaonana kila Ijumaa. Hatukuonana hata mara moja. Ulinipigia ukiwa kwenye gari, ukimpeleka bosi wako au ukimngoja, nami naiweka simu ndani ya kitambaa cha kichwa naendelea kupiga pasi. Ulianza kila mara hivyo hivyo: "Haya, Staring, nipe habari."

Ijumaa ulienda Al-Baghdadiyah, kwenye chumba cha rafiki zako Reuben na Alfayo. Reuben ametusimulia kwamba uliipata ile sinema ya reli kwa Mfilipino mmoja, mkaitazama mpaka mkaizoea, ukawagawia wenzako nafasi za watu wake. Reuben akawa mpishi, kwa sababu ugali wake huungua hata akiusimamia. Alfayo, fundi wa mawe, akawa yule mwenye kofia. Wewe ukachukua mataruma.

"Na staring?" Alfayo akauliza. "Sinema haiendi bila staring, wewe."

"Staring yuko Riyadh," ukajibu. "Anapiga pasi."

Wakacheka sana. Lakini hakuna aliyepewa nafasi hiyo, hata Samuel wa chumba cha pili alipokuja akiitaka na miwani yake ya jua. Ulimwambia nafasi imejaa, akitaka achukue jino la dhahabu.

Kisha ukaugua. Ulinipigia kutoka hospitalini, sauti imekuwa ndogo. "Staring, kifua kimekataa." Nikaomba nawe kwenye simu, na uliitikia amina. Halafu ukasema, "Nikifia huku usiniache. Nipeleke kwa mama."

"Baba Ashley, usiseme hivyo."

"Wewe sema tu sawa."

Nikasema sawa. Ndilo neno la mwisho ulilolisikia kutoka kwangu. Simu iliyofuata ilikuwa ya Reuben. "Shemeji, uko na mtu hapo? Kaa chini kwanza."

Nilikaa, nikalia, nikainuka. Nilikuwa nimekuahidi.

Reuben na Alfayo walienda kwa bosi wako, kwa kuwa yeye ndiye kafili, mdhamini wako, na bila sahihi yake mwili hauondoki. Si mtu mbaya. Alikulilia. Lakini aliwaambia, "Nyinyi ni rafiki zake. Mtu hakabidhiwi rafiki, hukabidhiwa watu wake. Kama watu wake hawapo, azikwe hapa. Ardhi yote ni ya Mungu. Halas, basi." Wakamwambia mke yuko Riyadh. Akasema, "Dereva akifa, mke hakosi kutokea. Huyo nitamjuaje?" Cheti chetu cha ndoa kilikuwa Malava. Mama yako alikipiga picha, ikatumwa. Bosi akasema karatasi ya kwenye simu hata mtoto anaweza kuitengeneza.

Basi ilibaki mimi mwenyewe niende. Madam wangu akasema, "Jerusha, Ramadhani inakaribia. Nani atapika?" Sikubishana naye. Nilipika, nikafua, na asubuhi nikasimama tena mbele yake. "Madam, mume wangu yuko kwenye barafu. Naomba ruhusa." Akasema ngoja Idi. Asubuhi nyingine nikasimama tena. Mama yake mzazi alikuwa ameketi pale na tasbihi yake. Akamtazama binti yake, akasema, "Mimi naenda Jeddah kumwona kaka yako. Huyu atanibebea mkoba. Yalla, mpe ikama yake." Ndicho kibali changu cha ukaazi, madam alikuwa amekishika. Mungu amlipe mema mama yule. Ni yeye pia aliyemsemesha binti yake mpaka nikaandikiwa ruhusa ya kuondoka nchini kabisa.

Ndivyo nilivyofika Al-Safa, Baba Ashley, kwenye lango ambalo ulilifungua na kulifunga miaka yote hiyo. Gari lako lilikuwa pale, limejaa vumbi. Reuben na Alfayo walisimama nyuma yangu. Bosi wako akaniuliza kwa Kiarabu watoto ni wangapi. Nikajibu wawili, Ashley na Noah, kwa Kiarabu changu cha jikoni. Akauliza jina langu.

"Jerusha."

Akatikisa kichwa. "Mafi Jerusha, hakuna Jerusha. Yusuf alikuwa akiongea na mkewe humu garini kila siku, mimi nimeketi nyuma yake. Jina hilo sijawahi kulisikia." Yusuf ndivyo alivyokuita.

Nikachuchumaa pale langoni nikilia. Nilitembea nchi nzima ili niambiwe kwamba mimi si mimi. Nikaomba kimoyomoyo. Ndipo Alfayo akashindwa kuvumilia, akasema kwa sauti, "Staring, usilie! Simama, Staring!"

Yule mzee akageuka. "Umesema nini?" Kisha akanielekea mimi. "Staring? Wewe ndiye Staring?"

"Ni mimi, baba."

Akaketi. Akatueleza kwamba miaka yote alidhani staring ndilo neno la Kiswahili la mke. Asubuhi akiingia kwenye gari alikuwa akikuuliza, "Yusuf, staring yako hajambo?" nawe ukimjibu hajambo, baba, wala hukumsahihisha. Akamwita mkewe kutoka ndani, "Njoo, njoo umwone! Staring ya Yusuf amekuja kumchukua." Mama wa nyumba akatoka akanishika mikono yote miwili. Reuben alikuwa akilia na kucheka, na mimi sikujua nifanye lipi kati ya hayo. Bosi akatia sahihi pale pale, akiweka karatasi juu ya boneti ya gari lako.

Hospitalini waliniruhusu kukuona. Uso wako ulikuwa umetulia. Nilikutazama kwa muda mrefu, kwa sababu sikuwa nimekuona tangu ulipotoka nyumbani, na nilijua nitaulizwa. Nikakuambia sawa, mara ya pili.

Tulisafiri ndege moja, wewe chini na mimi juu. Tulifika Malava watu wakiwa wamejaa uwanjani, kwaya ikiimba. Mama yako alikuwa ameketi mlangoni. Tangu apate habari, alikuwa hataki kuambiwa pole na mtu yeyote, akisema wanaoletwa kutoka mbali hufungwa ndani ya sanduku na hakuna anayejua ni nani. Akaweka mkono juu ya jeneza, akaniuliza mimi peke yangu, "Ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Nilimwona kwa macho yangu."

"Umemleta wewe mwenyewe?"

"Nimemleta mimi mwenyewe."

Akafuta macho kwa leso, akainuka, akawageukia vijana waliokubeba. "Basi fungueni mlango wote," akasema. "Mwanangu aingie nyumbani."

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo Jerusha, watoto wako Ashley na Noah, mama yako Rispah, dada zako Metrine na Selipher pamoja na familia zao, na ndugu zako wa Al-Baghdadiyah, Reuben na Alfayo, ambao bado wako kazini huko.

Umelala kwenu, karibu na baba yako, na kila Jumapili tukitoka kanisani tunapita kukusalimu. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.