Kuvimba Kwangu Hakukuletwa na Mama Wande

Bariadi,
Jumatano.

Kabula mdogo wangu,

Mwadila. Pokea kwanza salamu, maneno yanakuja nyuma yake, na mengine hayatakupendeza. Goti lako la kushoto linasemaje? Na kikohozi cha kaka yetu Maduhu, kimeachia au bado anakitibu kwa ugoro? Huku mvua ilikuja siku mbili ikaondoka kama mgeni aliyekuta chungu kitupu. Sijui huko Mwandoya kama pamba imeota au mnarudia mbegu. Mimi ni mzima ila nimechoka. Nimechoka na miguu yangu, nimechoka na mzani wa kliniki, na zaidi ya hapo nimechoka na midomo yenu.

Naandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Wande alitaka aniandikie nikamkatalia. Herufi zangu ni zile za darasa la watu wazima, zinatembea upande kama ng'ombe wanaotoka josho, lakini zinafika. Simu sitaki tena. Nikikupigia unaweka sauti ya nje, majirani wanasogea, ukikata kila mmoja anaondoka na kipande chake. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Unakumbuka nilivyoanguka shambani wakati wa kuchuma pamba, mwanangu Masanja akaja kunichukua. Hapa daktari alinipima presha akatikisa kichwa, akanipandisha kwenye mzani. Kilo tisini na moja. Mimi nikafurahi, nikaona nimefaulu. Kwetu mtu mwenye mwili ni mtu aliyetunzwa. Kumbe kesi yenyewe ndiyo hiyo. Akasema nipunguze mwili, nisipopunguza presha itakuja kunilaza upande mmoja. Ugali uwe wa ngumi moja, mafuta kidogo, chumvi niache, mboga za majani nile nitakavyo.

Mama Wande, mke wa Masanja, alilishika neno hilo kama mtoto wa shule anayesubiri mtihani. Ugali wa ngumi ukawa wa ngumi kweli, tena ngumi yake yeye, siyo yangu. Siku ya kwanza nilimwuliza kama hilo tonge ni la kuonja au ndiyo chakula. Akasema ni chakula, akaniita mayu kama mama yake mzazi, akapiga goti akaninawisha mikono. Hajaniinulia sauti hata siku moja. Hilo nalo liliniudhi. Mtu una njaa, unataka ugomvi, unakosa wa kugombana naye.

Mwanzoni nilipungua. Uso ukashuka, mifupa ya mabega ikatokeza, magauni yakaanza kupwaya. Mzani ukasema themanini na nne. Halafu mambo yakageuka. Nakula kidogo vilevile, lakini tumbo linajaa. Nikimaliza kula linakaza kama ngoma iliyowambwa leo, linanguruma mbele ya wageni, kitenge nikikifunga kinaacha alama kiunoni. Asubuhi kope nzito. Jua likipanda na miguu inajaa, ukibonyeza kidole shimo linabaki pale pale linakutazama. Kandambili zikakataa kuingia. Na mzani, Kabula, ukapanda. Themanini na saba. Nalala na njaa, naamka mzito. Siku hiyo nililia, sikuficha, nililia kwenye benchi la kliniki mbele ya watoto wa watu.

Nikasema kama ni maji yamenijaa, dawa yake ni kuacha kunywa maji. Nikaacha. Nikapunguza hata ile ngumi, nikazidisha mboga. Nikazidi kujaa.

Ndipo Maduhu akapita kunisalimu, siku ile alipoleta ng'ombe mnadani. Alinikuta uani, juu nimekonda, chini nimevimba. Unamjua kaka yako, macho yalimtoka. Na mimi nilikuwa na hasira, nimetoka kukatazwa maandazi. Akaniuliza naishije hapa. Nikamwambia, "Naishi kama unavyoona. Napimiwa ugali kwa ngumi." Basi, hayo tu. Sikuongeza kwamba daktari ndiye aliyeagiza. Nilitaka mtu anionee huruma, nikayaacha maneno yakae hivyo hivyo.

Maneno hayo yalipanda gari pamoja naye. Yalipofika Mwandoya yakawa nimenyimwa chakula. Yalipofika kwako Kabula yakawa nimewekewa kitu kwenye chakula. Kisha mkaenda kwa mganga kutazamiwa, na huyo mtazamaji ambaye hajaniona hata kivuli akawaambia ni mwanamke wa ndani, aliyeolewa kutoka mbali. Mama Wande kwao ni Shishiyu. Mkatazamana, mkaona imekaa sawa. Mimi nilisikia huku, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, silikwepi, lakini kwenda kwa mtazamaji sikuwatuma mimi.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakula.

Kila mwezi umekuwa ukinitumia furushi kwa kondakta wa basi. Karanga, nsansa zetu za majani ya kunde yaliyokaushwa, na magadi umeyafunga kwenye nailoni kwa mafundo matatu. Moyo wako naujua, nakushukuru. Ulisema watu wa mjini wanatafuna majani magumu kama mbuzi. Na kweli, Mama Wande alikuwa anapika bila chumvi, bila magadi. Nsansa zinakaa sufuriani kama kamba za katani. Mlenda hauvutiki. Nani mwenye akili zake anakula mlenda usiovutika? Basi magadi yako niliyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Yeye akitoka kwenda gengeni narudisha sufuria jikoni, nachemsha upya, natia magadi. Kwanza nilitia ya kuchovya kidole. Baadaye kijiko. Na kwa kuwa mboga niliambiwa nile nitakavyo, nilikula bakuli mchana, bakuli jioni, na kunde juu yake nisikie nimeshiba.

Daktari alisema niache chumvi, nikaacha. Magadi hakuyataja, na mimi sikumkumbusha. Moyoni nilisema magadi siyo chumvi, mama yetu alitulea kwa magadi na hatukuvimba. Nilisahau kwamba mama yetu alikuwa akilima kutwa nzima, na jasho lilikuwa linamtoka. Mimi huku nakaa kwenye kiti cha plastiki.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda kliniki, Mama Wande na mimi. Wakapima mkojo, wakapima damu, wakasikiliza moyo. Wakasema figo nzima, moyo mzima, kuvimba huku kunatoka kwingine. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, Msukuma wa hapa hapa, akafunga faili akauliza nani anapika. Mama Wande akasema ni yeye. Chumvi unatia? Sitii. Magadi? Sitii. Muuguzi akamtazama kwa jicho lile lile la Maduhu. Akasema huyu bibi kuna mahali anakula chumvi, maji hayajikusanyi hivi hivi tu, labda wewe mpishi hutuambii kweli. Mama Wande akainama. Akaanza kukunja ncha ya kanga yake, anakunja, anakunjua. 

Kabula, pale ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini nilimtazama shingo nikaona imekuwa nyembamba kuliko yangu, na yeye hakuna daktari aliyemwambia apunguze mwili. Maneno yenu ndiyo yaliyokuwa yakimla. Nikasema, "Magadi ninayo mimi. Yako chini ya kitanda."

Muuguzi alinisema. Alinisema vibaya, kama mtoto aliyekula mbegu ya kupanda. Akasema kwenye magadi mna kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi, kinashika maji mwilini, na kwa kijiko nilichokuwa natia ndiyo maana miguu ilijaa na presha ikakataa kushuka. Tumbo nalo ni kunde na majani mengi kwa mara moja, nile kidogo kidogo. Maji ninywe, nisiyakimbie. Na kuhusu mzani akasema nisitishike, mafuta yalikuwa yanapungua kweli, ila maji yalikuwa yanajazia pale pale, nikawa sioni nilichokipata.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi kusubiri dawa. Nikamwuliza Mama Wande, "Ulijua?"

"Nilijua, mayu. Tangu kiangazi. Kopo nilikuwa naliona nikifagia."

"Mbona hukusema?"

Aliinyoosha ncha ya kanga yake juu ya goti. Kisha akasema, "Ningesema, wangesema nimekunyang'anya hata magadi ya kwenu."

Nimezaa watoto saba, nimezika watatu, nimegombana na wakwe wa kila aina, kama huyu sikuwa nimemwona.  Niliangalia miguu yangu tu.

Magadi nimeyamwaga mwenyewe, nyuma ya choo. Siku ya tatu nikaanza kukojoa, nakueleza wazi kwa kuwa wewe ni mdogo wangu, nakojoa kila mara mpaka Masanja akauliza kama nimehamia huko. Wiki mbili hazijaisha kope zikawa nyepesi, kisigino kikaonekana, kandambili zikaingia. Juzi mzani umesema themanini na mbili. Usifikiri nimepona yote. Njaa ipo, presha ipo, na mlenda nakula hivyo hivyo nimekunja uso. Mwili wangu umekuwa kama kazi ya kijungu jiko, natoka nayo asubuhi narudi nayo jioni. Lakini kuvimba kumeondoka, na aliyesababisha nimekwambia ni nani.

Nilipokupigia simu kukueleza haya ulisemaje? Ulisema dada amefungwa mpaka ulimi, ndiyo maana anamtetea. Kabula! Nikisema nateswa mnaniamini, nikisema siteswi mnasema nimerogwa. Mnataka niseme kwa mdomo wa nani? Halafu Maduhu akampigia Masanja, aje Jumamosi wakae kikao, na wakati wa kurudi mke awe ameshaamuliwa kwenda kwao. Masanja tangu siku hiyo hali vizuri. Ni mwanamume, anamheshimu mjomba wake, anashindwa kusema hapana. Mimi sishindwi.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa sifanyi mzaha. Wewe unajua mwanamke akishaitwa mchawi kwetu, jina hilo linamfikisha wapi. Unamkumbuka yule mjane tuliyekuwa tunachota naye maji, na tulivyoamka tukakuta nyumba yake imefungwa na majirani hawataki kumtaja. Sisi wawili tuna nywele nyeupe, na macho yetu ni mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe wa miaka yote hiyo. Jina hilo mkilizoesha kutamkwa kwenye boma letu, mnadhani litatosheka na msichana wa Shishiyu? Likimaliza kwake litageuka kutazama nani mwingine ni mzee pale nyumbani. Litakuona wewe kwanza, kwa kuwa mimi siko.

Kwa hiyo barua hii anakuja nayo Masanja. Asiisome yeye. Usome wewe, Kabula, mbele ya Maduhu na mkewe na wote waliokuwepo siku ile ya kutazamiwa, maana maneno uliyaeneza wewe na sauti yako wanaijua. Usiruke pale nilipojisema mimi, wala pale nilipokusema wewe. Ukimaliza, Maduhu aseme kwa mdomo wake, Masanja akisikia, kwamba kesi hiyo haipo. Akiwa bado ana shaka apande basi aje abonyeze miguu yangu kwa kidole chake. Na kwa mtazamaji msirudi, hata kushukuru.

Magadi usinitumie tena. Nsansa tuma, karanga kidogo, na zile ndimu za mama jirani kama zimezaa, nitakamulia mboga. Mama Wande amesema zinasaidia ladha. Anajua mambo, huyu, tatizo lake ni upole.

Nisalimie Maduhu, mwambie dada yake bado anaweza kumchapa. Msalimie mkewe, yule asiyeweza kusikia habari akalala nayo. Na mama mlezi wa jumuiya yetu aliyeniombea, mwambie maombi yalifika. Mchunga mbuzi wangu mwambie nimewahesabu kichwani mbuzi wote wanaozaa. Wajukuu wa hapo nyumbani wape mkono mmoja mmoja, wasiseme bibi amewasahau.

Leo asubuhi Mama Wande amefungasha. Amesema bora aondoke mwenyewe kabla hajaondolewa, mtoto wake asije akamwona anatolewa. Nguo zake zote zimeenea kwenye begi moja, alikuwa ameliweka mlangoni, akaingia ndani kuvaa viatu. Nimetoka nikalikalia. Hapo ndipo ninapoandikia. Amekuja amesimama mbele yangu, amesema, "Mayu, inuka," nikamwambia akapike. Amesimama sana, halafu amekwenda. Nasikia sasa anachambua mboga. Mgongo unaniuma na zipu inanichoma, na sitainuka mpaka nisikie mmesema nini.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Minza.
Kilo themanini na mbili, na kwa kukalia begi zinatosha.