Wivu Ulioniambia Ni Mapenzi

Shikamoo, mama. Nimekusalimia kwa sababu ulinilea hivyo, ila nina hasira na wewe.

Baba ameoa. Ameoa mama mmoja mjane wa Mbeya, anauza vitenge pale Kizwite. Nilipoambiwa nilimwonea huruma, nikasema moyoni, huyu naye amekuja kufungiwa. Mama, hafungiwi. Anapanda basi kufuata mzigo, analala huko huko, na akirudi baba anakwenda stendi kumpokea. Nimemkuta baba anajipikia maharage. Nikamuuliza kama siku hizi haogopi mke akisafiri peke yake. Akasema, "Huyu aliniambia mapema, ukinifuatafuata naondoka."

Basi. Kumbe aliweza.

Na wewe je? Ulikuwa unaomba ruhusa hata ya kwenda jumuiya. Akikukuta umesimama na muuza ulezi, unarudi nyumbani bila ulezi. Kwenu Kasanga, alikobaki mama mdogo, hukurudi tangu uolewe, eti ziwani kuna wavuvi. Ulipougua ukataka kumwona mdogo wako, baba akasema upone kwanza. Mama mdogo alifika tumeshakuzika. Alikaa chini kwenye udongo ule wa baridi, akasema, "Dada, nilikuwa nasubiri uje wewe."

Siku ile nilimkasirikia baba. Siku hizi nakukasirikia wewe, kwa sababu hukuvumilia peke yako, ulinifundisha na mimi. Nilikuja kwako kutoka kwangu Malangali nalia kwamba Fredi, mume wangu, anapekua simu yangu, anawapigia wateja wangu wa kushona kuuliza wao ni nani. Ukaniambia, "Shukuru, mwanangu. Mwanaume asiye na wivu hakupendi." Nikarudi. Nikaacha kushona nguo za wanaume. Nikaacha kucheka na watu. Fredi hakuridhika, alizidi tu. Na mimi sikujisikia kupendwa, mama. Nilijisikia kama mbuzi wa kamba. Wewe ulijisikiaje? Hukuwahi kusema, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Juzi nilimwambia Fredi nakwenda Kasanga, na simu yangu haipekuliwi tena. Akauliza nina nani huko. Nikamwambia nina mama mdogo. Hakumaliza ugali wake. Sijui nitakaporudi nitamkuta mtu wa namna gani. Nikimkuta yule yule, nitachukua watoto na cherehani yangu.

Nakuandikia nikiwa hapa kwa mama mdogo. Ameniambia ulikuwa unaogelea kuwashinda wavulana wote wa hapa. Mama, mimi sikujua hata kama unajua kuogelea. Nimelia, halafu nimekasirika upya.

Pumzika sasa. Nakupenda, na hasira haijaisha, utanivumilia. Binti yangu Neema bado mdogo, lakini siku akiolewa, akaja kwangu analia, sitamrudisha. Hilo nakuahidi wewe, mama yangu.

Mwanao,
Sesilia