Kitambaa Nilicholifumia Boksi Lako

Maabara ya Mama Mdogo,
Chumba cha mapokezi.
Jumamosi, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, na lile goti lililokuwa likikusumbua ukipanda nguzo za umeme litakuwa limepoa. Je, mnakula vizuri? Mama ameniagiza nikuulize hilo kabla ya jambo lingine lolote, na amesema nisikubali jibu la "tunakula tu." Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na macho kidogo, lakini bado anatunga uzi kwenye sindano bila kusaidiwa na mtu. Mama mdogo naye ni mzima, ila ana hasira nawe, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Samahani, Mjomba, nimeanza vibaya. Ngoja nirudi nyuma.

Tangu nimalize shule nimekuwa nikimsaidia mama mdogo hapa maabara. Nafuta meza, naandika majina kwenye vichupa, napeleka majibu kwa daktari wa mlango wa pili. Mapokezi nakaa na dada mmoja tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Anasema tunaelewana vizuri, maana yeye ni redio na mimi ni meza ya kuiwekea.

Lile boksi la umeme wa akiba ulilotufungia ulipokuja likizo limetutunza sana. Karatasi yako bado iko ukutani: "Soketi nyekundu ni za mashine tu. Hata simu ya daktari haichajiwi hapa." Tumeitii. Redio alijaribu kuchomeka birika siku moja, mama mdogo akamtoa mbio na birika lake mkononi.

Tatizo lilikuwa ule mlio. Kila umeme ukikatika boksi linalia pii, pii, pii, mpaka urudi, na wagonjwa kwenye benchi wanashtuka. Mzee mmoja aliinuka akaondoka na sindano ya dawa hajachomwa. Redio akaniambia, "Boksi la mjomba wako linalia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mtafutie basi hata blanketi."

Alikuwa anatania. Mimi nikaenda nyumbani nikafuma.

Unajua nyumbani kila kitu kina kitambaa chake, televisheni, friji, hata mtungi wa maji. Nikaona boksi limekaa uchi pale stoo, linakula vumbi, nikasema nitakuwa nimefanya jambo la maana. Nilifuma kwa uzi mzito wa sweta, nikaukunja mara mbili, nikakishusha kitambaa mpaka sakafuni pande zote. Mama mdogo alicheka akasema maabara sasa imekuwa sebule. Mlio ukawa mdogo kabisa, husikii mpaka utege sikio. Yeye, Redio na daktari wote walinisifu. Mjomba, mimi sijawahi kusifiwa na watu watatu kwa mara moja.

Hukuandika popote kwamba boksi lisifunikwe. Sikulaumu. Nani angefikiria?

Sasa nikueleze habari ya Mama Pacha. Ana mapacha wa miezi minane, na yule wa pili ana homa wiki mbili sasa, haishuki. Jumatatu mama mdogo alimtoa damu. Mishipa yake ni kama nyuzi, sindano ilipata mara ya tatu. Damu ile iliwekwa kwenye kabati la joto ili kama kuna vijidudu viote, vijulikane ni vipi, na daktari ajue dawa ya kuviua. Baada ya damu kutoka, daktari alianza kumpa mtoto dawa ya kubahatisha wakati majibu yanasubiriwa. Majibu yalikuwa yatoke jana.

Juzi Alhamisi saa nne umeme ukakatika. Tulisikiliza, hatukusikia kitu. Redio akasema, "Leo kifaranga kalala." Tukacheka. Saa sita umeme ukarudi kwa nguvu kiasi kwamba balbu ya mapokezi ilipasuka. Hatukujali sana, tukajua mashine zote ziko nyuma ya boksi lako, salama. Saa tisa mama mdogo akafungua kabati la joto akapiga kelele. Kipimajoto kilisoma hamsini na nane. Kile kifaa cha kupima na kuzuia joto kilikuwa kimeungua, kabati likaendelea kupika tu. Chupa ya mtoto ilikuwa ya moto huwezi kuishika.

Mimi nilikimbilia stoo. Niliweka mkono juu ya kitambaa, Mjomba, kilikuwa kama pasi. Nikakivuta. Kwa ndani kilikuwa na mistari ya kahawia, imepangana, sawasawa na matundu ya boksi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na boksi lilikuwa linalia. Sijui lilikuwa linalia tangu saa ngapi.

Nilielewa hapohapo. Ulinieleza mwenyewe siku ile unafunga, nikiwa nimekushikia tochi, kwamba lina feni ndani kwa sababu linahitaji kupumua, na likizidiwa na joto linajitoa na kuuacha umeme wa ukutani upite kama ulivyo. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia maneno hayo, na mimi ndiye niliyeliziba pumzi.

Nikakikunja kitambaa, nikakitia kwenye mkoba wangu. Mama mdogo alipoingia stoo alilikuta boksi liko wazi, taa nyekundu inawaka. Akasema, "Kaka yangu kaniuza. Kanifungia takataka." Hakuuliza kitambaa kiko wapi. Nadhani hakukikumbuka kabisa.

Tangu hapo anakusema wewe. Angekupigia simu, lakini kambini kwenu hazishiki.

Jana asubuhi Mama Pacha alirudi na mtoto kutolewa damu nyingine. Niliambiwa nishike mkono. Ni mdogo, Mjomba, naufunika wote kwa kiganja. Sindano ya kwanza haikupata. Ya pili haikupata. Mtoto hakulia sana, na hilo ndilo lilinitisha, alikuwa anakohoa kilio tu. Ilipopata ya nne, mama yake alinishika bega akasema, "Asante, mwanangu. Una mikono ya upole."

Nikabonyeza pamba pale sindano ilipotoka.

Mama mdogo alimweleza kwamba damu hii ya sasa inaweza isioteshe kitu, kwa kuwa mtoto ameshaanza dawa. Ndiyo hivyo tu, tusubiri Jumanne. Yule mama akauliza afanye nini hadi Jumanne. Mama mdogo akamwambia amnyonyeshe, amwogeshe maji ya uvuguvugu. Akaitikia "sawa," akambeba mmoja mgongoni na mmoja mbele, akaondoka.

Nimejaribu kumwambia mama mdogo mara tatu. Ya kwanza alikuwa kwenye hadubini. Ya pili Redio aliingia. Ya tatu tulikuwa wawili peke yetu, akaniangalia, akaniuliza, "Umechoka?" nikasema ndiyo.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, ili ujue boksi lako ni zima. Sasa hivi limetupwa uani, karibu na pipa, linamsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Damu ya mtoto iko kwenye kabati dogo tuliloliazima kwa daktari, limechomekwa moja kwa moja ukutani, kwa sababu kila mtu hapa anaamini

Mjomba, nimesimama kidogo. Nimejisomea nilichoandika hapo juu. Barua zako hutufikia baada ya siku tisa. Jumanne imebaki siku tatu. Hata ukiisoma hii na ukakimbia njia nzima, hutawahi. Niache kalamu.

Saa tisa mchana.

Sikusema, usinisifu. Nilikitoa kitambaa mkobani, nikaenda uani, nikalifunika boksi kama lilivyokuwa, ila upande wa ndani niliugeuza nje. Kisha nikamvuta mama mdogo kwa mkono wa koti lake. Aliona nimeanza kulia akadhani nimepigiwa simu ya msiba.

Akainama akaangalia ile mistari. Akapitisha kidole juu yake mmoja mmoja. Akakiinua kitambaa, akaangalia matundu, akakishusha tena. Nilisubiri anipige. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Na mimi nikacheka. Sebule, nikasema."

Mwisho akaniambia, "Shika upande ule." Tukalibeba, zito hilo, tukalirudisha stoo, tukaliacha wazi, mbali na ukuta. Tulipolichomeka taa ikawaka ya kijani, lilikuwa limeshapoa. Tukachomeka kabati la kuazima kwenye soketi nyekundu. Mama Pacha atakuja jioni, na mama mdogo amesema maneno ya kumwambia atayasema yeye, lakini nitakuwa nimekaa pale pale pembeni yake.

Nikisema nina nafuu nitakuwa nadanganya. Ile damu ya Jumatatu haitarudi, na hii ya sasa hatujui.

Mama mdogo anakusalimu, na anasema "mwambie kaka anisamehe," basi, hakuongeza. Redio anakusalimu. Mama anakusalimu na anasubiri jibu la chakula. Wasalimie wenzako wote wa kambini, hasa yule mpishi wenu. Mungu akushike vizuri huko juu ya nguzo, na amshike yule mtoto, sijui nimwombe kipi kwanza.

Nilitaka kufungia hapo, lakini umeme umekatika sasa hivi. Boksi linalia, benchi zima limegeuka. Redio amewaambia, "Kaeni, ni kifaranga wetu huyo, yuko macho." Tunaliacha lilie.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
uliyeniita Kanong'ona.