Shampuu ya Mrehani

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba anakuja kesho saa nne asubuhi, mfungulie.

Asubuhi uligonga bafuni: "Baba, nachelewa! Kipara na shampuu wapi na wapi?" Nikakufokea. Nisamehe, mama. Nilikuwa najaribu shampuu na kondishena zako mpya, zile zisizo na kemikali ya salfeti. Ya nazi ni nzuri. Ya limau, hapana. Ya mrehani ilipotoa povu, bafu zima lilinukia kama nywele za marehemu mama yako, enzi zile mikono ilipomuuma nikawa namwosha mimi. Nikaketi sakafuni nikalia. Ndiyo maana sikufungua.

~~Hiyo usiiguse, niachie.~~

Itumie tu, mwanangu. Nyumba hii imekaa miaka minne bila harufu hiyo.

Baba