Tundu la risasi kwenye sarafu ya Babu

Violeth, nimejiharibia! Natoka Masieda kwa kina Evarist, siku yenyewe ya kutambulishwa.

Unakumbuka ile sarafu ya babu yake iliyozuia risasi vitani Kagera? Anaivaa shingoni kwa kamba. Leo akanipa mbele ya ukoo mzima: "Wewe umesomea vyuma chuoni. Waeleze risasi ilivyofanya."

Mimi, ninayetamka hata shikamoo kwa kunong'ona, nikasema: "Babu, hili tundu ni la drili. Risasi ingeipinda."

La drili! Mbele ya ukoo mzima! Evarist akatazama viatu vyake. Babu akaivaa tena polepole.

Nikakimbilia jikoni kulia. Bibi akanifuata.

"Mjukuu, huyu babu yenu alikuwa mpishi jeshini. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa fundi kule Haydom ikatobolewa, apate pa kupitisha kamba. Miaka arobaini naisikia hiyo risasi." Akanipa kikombe cha chai. "Mpelekee. Mwambie umeangalia vibaya."

Nikapiga goti. "Babu, samahani, niliangalia vibaya. Ni risasi."

Akanisogezea kiti. "Nilijua tu. Drili gani ingeiweza sarafu hii? Evarist, huyu tunamchukua."