Ubeti wa Pili Ulimwachia Mama

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu mtu mwingine alipoishika simu yako na kupiga nyumbani. Mpaka leo hatujazinduka. Mama ametuambia tuandike yote, tusiyapake sukari, kwa sababu nusu ya Kaloleni wanayajua na nusu nyingine wanayajua vibaya.

Wewe, Elkana Owuor Odero, ulikuwa fundi wa maji wa kanju, baraza la jiji, kwa miaka thelathini na mmoja. Ulikuwa ukisimamisha chuma kirefu juu ya lami, unakitegea sikio, halafu unasema, "Chimbeni hapa." Wanachimba, na kweli bomba linavuja pale pale. Jirani akikosa maji, hata iwe Jumapili, ulivaa gambuti ukatoka, chai ukiiacha mezani inapoa. Na ukirudi uliinywa hivyo hivyo baridi, hukumsumbua mtu.

Lakini kuimba? Ai, Baba! Kanisani ulifungua kitabu cha nyimbo ukachezesha midomo tu, sauti haitoki hata ya mbu. Mwanao Willis alikuwa akikuita redio isiyo na betri, ukicheka pamoja naye. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuuliza hayo yalianzia wapi.

Ulipostaafu ukaanza mambo yako. Kila Jumamosi saa nane mchana ndevu zimenyolewa, shati limepigwa pasi, unatoka. Ukiulizwa unaenda wapi, "Kuona watu." Watu gani? "Watu tu." Mama akapekua mfuko wa koti, akapata tangawizi iliyokatwa vipande na kichupa cha asali. Mzee wa miaka sitini na tano, asali ya nini mfukoni? Akampigia Carolyne simu: "Babako ana mpango wa kando, na anampelekea asali yangu!"

Alivumilia miezi saba. Jumamosi ile ya mwisho yakamfika shingoni, akasimama mlangoni. "Baba Carol, enda kwa huyo wako. Na akikuchoka, asikurudishe hapa." Wewe ukavaa kofia huku unacheka. "Ngoja mwezi wa nane, Mama Carol. Utajua." Hilo ndilo neno lako la mwisho nyumbani.

Saa kumi na robo simu ya Mama ikalia, jina lako likatokea kwenye kioo. Akapokea, akasikia sauti ya mwanamke. "Mama, naitwa Sally, niko na mzee wako hapa..." Mama akakata. Ikalia tena. "Mama, tafadhali nisikize..." "Si umemtaka? Kaa naye!" Akakata mara ya pili, akaizima kabisa, akarudi kuchambua mboga.

Baba, kila tukisimulia tunakwama hapo. Ulikuwa umelala kwenye benchi, unapumua, unamuulizia Mama. Jirani yetu Kitonga, aliyewaona wakikubeba, alipokuja mbio kutuita, tayari walikuwa wamekukimbiza hospitali, na tulipofika ulikuwa umeshatuacha. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata Mama angewahi, asingebadilisha kitu. Mama alimwambia, "Ningemshika mkono, Daktari."

Mlangoni pa hospitali tulikuta wazee kumi na mmoja, wanaume kwa wanawake, wengine na mikongojo, kila mmoja ameshika karatasi ya solfa. Katikati yao alisimama msichana mdogo kuliko Jacklyne, kitindamimba wetu, analia. Mama akawauliza, "Nyinyi ni nani?" Bibi mmoja akajibu, "Sisi ni darasa lake la kuimba."

Haki ya Mungu, Baba! Darasa la kuimba! La watu waliozeeka bila kuimba, kila Jumamosi, pale pale kwenye ukumbi wa Kaloleni tunaopita kila siku tukienda dukani.

Siku ya tatu ya matanga yule msichana, Mwalimu Sally Wakiuru, alikuja na simu yake, akatuchezea sauti uliyorekodi. Ilitoka nzito, imetulia, haikuyumba popote. Willis akauliza, "Huyu ni nani?" Sally akamwambia, "Ni babako." Mama akateleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni. Ulikuwa wimbo wa harusi yenu.

"Mzee alinieleza," Sally akasema, "kwamba siku ya harusi aliimba kwa nguvu, bibi harusi akamfinya akamwambia, nyamaza, watu wanacheka. Akanyamaza kuanzia siku hiyo. Mimi nikamwambia, mtu anayesikia maji chini ya lami sikio lake ni zima. Sauti yake iliogopeshwa tu."

"Mimi?" Mama akasema. "Mimi nilimfinya?" Hakukumbuka hata chembe. Kineno kimoja, alikisahau kabla keki haijakatwa, na wewe ulikibeba miaka arobaini bila kumnung'unikia.

Ubeti wa pili hukuuimba. Tulisikia kidole chako tu kikigonga meza, taratibu, mpaka ubeti ukaisha, ndipo ukaingia wa tatu. Jacklyne akadhani ulisahau maneno. Sally akatikisa kichwa. "Ubeti wa pili ni wa Mama. Alitaka mwezi wa nane, wakitimiza miaka arobaini ya ndoa, amwombe aimbe hapo."

Mwezi wa nane ukapita, Krismasi ikapita, na Mama hakutaka kuisikia ile rekodi tena. Kisha Jumamosi moja mwezi wa pili akapiga gauni pasi, akakata tangawizi ya kulainisha koo, akaitia kwenye mkoba. Carolyne akamuuliza, "Mama, unaenda wapi?" Akajibu, "Kuona watu."

Amekaa kwenye kiti chako darasani tangu siku hiyo. Ana miaka sitini na mbili na noti za juu zinamtoa jasho, lakini haachi. Jumapili hii, kwenye ibada yako ya ukumbusho, sauti yako itachezwa kwenye spika za kanisa, na ubeti wa pili ukifika atasimama. Anaogopa, Baba, usidhani haogopi. Tulimuuliza, "Na ukishindwa?" Akasema, "Nikishindwa, ni zamu yake kunifinya."

Wanaokukumbuka ni mkeo Risper Anyango; wanao Carolyne, Willis na Jacklyne; wajukuu wako wote; Mzee Kitonga; na darasa la Jumamosi pamoja na mwalimu wao.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Ukimwita kwa kile kidole Jumapili, safari hii Mama hatakata.