Mzigo wa Majani Kichwani kwa Dereva

Jumamosi. Mawingu yamekaa juu ya Uru tangu asubuhi, mlima hauonekani, na mimi nimechoka kama mtu aliyesukuma lori badala ya kuliendesha.

Lakini mimi ni mtu wa bahati, hilo tuelewane. Mwingine wa umri wangu akiteleza bafuni anavunjika nyonga, habari yake inaishia kitandani. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono tu. Plasta imeshatolewa, na daktari amesema mifupa ikipata nguvu narudi kwenye usukani. Lubumbashi inanisubiri. Kule wananijua kuliko wanavyomjua gavana wao.

Daktari alieleza mengi, mengine nimeyashika. Mifupa yangu imepungua, ndani ina matundu kama mkate. Miaka yote nimekaa kwenye kiti cha lori, chipsi mkononi, sigara mdomoni, jua nalionea kwenye kioo. Sasa ninywe maziwa, nile dagaa na mboga za majani, nipate ulezi, niote jua, nitembee mlimani, nibebe mzigo mdogo ili mfupa ulazimike kufanya kazi.

Aliposema ulezi nilifurahi sana. Mbege, pombe yetu ya ndizi, si inapikwa kwa ulezi?

Nikanywa dawa yangu kila jioni kwa uaminifu, tena nikarudi kliniki kujisifu. Daktari alivua miwani, akanieleza upya. Kumbe pombe inadhoofisha mifupa, na ulezi wake alitaka niupate kwenye uji.

Basi nimehamia kwa dada Felista, huku kwenye kihamba, shamba la migomba la wazee wetu. Amenizidi umri, ana wajukuu, na bado anakata majani ya ng'ombe bondeni na kuyapandisha kichwani, shingo wima. Leo nilimwomba anifungie na mimi.

"Wewe? Kichwani?"

"Ni daktari kasema, dada."

"Huyo daktari ni wa huku kweli?"

Aliuliza hivyo kwa sababu huku mwanamume anabeba mkungu wa ndizi begani, anabeba gunia la kahawa, lakini majani ya ng'ombe kichwani ni ya wanawake. Na njia inapita mbele ya kilabu, walipo wenzangu wa mbege.

"Dereva, siku hizi unapakia nini?" mmoja wao akaita.

"Chakula chenu. Nawaletea au mtakifuata?"

"Umeolewa lini bwana, mbona hatukualikwa?"

Nikawaambia mahari yangu wasingeiweza hata wakichanga kilabu kizima. Walicheka, nikacheka nao, nikapita nimenyoosha mgongo kama bibi harusi.

Nilipofika nyuma ya migomba niliutua mzigo nikakaa chini. Mkono ulikuwa unauma. Nilikuwa nimemlazimisha dada anifungie mzigo mkubwa. Mdogo ungenitia aibu.

Alirudi kunitafuta. Hakucheka. Alichomoa majani kwenye mzigo wangu, akayaongeza kwenye wake.

"Mdogo wangu, unakimbilia wapi?"

"Lubumbashi."

"Daktari amesema lini?"

"Karibuni."

Alijitwisha mzigo wake. "Haya, twende. Kesho utabeba hayo hayo machache."

Nilimfuata nyuma. Ni mwanamke ambaye hajawahi kuvuka Bomang'ombe, mji wa hapo jirani tu, na leo mimi, niliyelala miji ambayo majina yake siwezi kuyaandika, nimeshindwa kwenda na mwendo wake.

Jioni alinipa uji wa ulezi na maziwa. Akakaa akanisubiri nimalize, kama mtoto.

Sijui nilikuwa namdanganya nani zaidi.

Kesho nitabeba machache. Mifupa hii naihitaji, hata kama ni ya kutembea kanisani bila kushikwa mkono.

Yale ya usukani ni uongo. Daktari alisema nisiendeshe lori tena.